Mpira, poliurethani, Delrin au alumini: bushi ipi kwa mauntingi ya injini ya gari la zamani la mbio?

Katalogi nyingi za vipuri hupanga bushi za mauntingi, yaani vipande vinavyokaa kati ya injini na chasisi pale injini inaposhikwa, kama ngazi: mpira chini, poliurethani juu yake, kisha Delrin (plastiki ngumu ya asetali), mwisho alumini. Mnunuzi anaamini kwamba kila kidato kina urefu uleule, na asiyetaka kufika juu kabisa anachagua Delrin akidhani amekaa katikati. Namba zinasema vingine. Mpira wa ugumu wa 60 kwenye kipimo cha Shore A una moduli ya unyumbufu, yaani kipimo cha ukakamavu wa malighafi, ya takriban megapaskali (MPa) 3.6. Poliurethani ya Shore A 80 ina kama MPa 9, na ya 90 ina kama 20. Delrin inaruka hadi karibu MPa 3,000, na alumini ni 70,000. Kutoka mpira kwenda poliurethani ya 80 umeongeza ukakamavu mara mbili na nusu hivi. Kutoka poliurethani ya 90 kwenda Delrin umeuzidisha mara 150.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ni bushi ipi ngumu kiasi gani. Anza kwa kuamua kama injini itaruhusiwa kusogea au la. Mpira na poliurethani huiruhusu. Delrin na alumini huikataza, na kwa kazi hii tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Ukishaamua hilo, ekzosi, fimbo za kabureta, mauntingi ya giaboksi na breketi zote hulazimika kufuata uamuzi uleule. Magari mengi yanayopasuka vyuma hupasuka kwa sababu nusu yake imejengwa kwa injini inayosogea na nusu nyingine kwa injini iliyofungwa.

Nguvu zinazopita kwenye bushi

Uzito wa injini ndio mzigo mdogo. Kinachoua bushi ni injini kutaka kupinduka ubavu. Chukua injini ya silinda 4 yenye torki ya Nm 200, giaboksi ikiwa imefungwa nyuma yake, na gia ya kwanza ya uwiano wa 3.0. Injini na giaboksi kwa pamoja husukumwa kupinduka kwa Nm 600. Mauntingi mbili za mbele zikiwa umbali wa mm 500, moja hukandamizwa kwa N 1,200 na nyingine hunyanyuliwa kwa N 1,200, mbali na uzito ambao tayari zinaubeba. Ukiachia klachi ghafla matairi yakiwa yameshika, nguvu hizo hupanda zaidi kwa muda mfupi, kwa sababu gurudumu zito la injini linaloshika klachi (flaiwili) linatoa nguvu iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake.

Injini nyingi huzunguka kisaa zikitazamwa kutoka mbele. Ukikanyaga mafuta, mauntingi inayonyanyuliwa ni ya kushoto kwa aliyekaa kitini. Kagua hiyo kwanza.

Gari kama Mini lina hali mbaya zaidi. Injini imelala kimkingamo na difrensha imo ndani ya kasha lilelile, hivyo torki inayorudi kwenye mauntingi imeshazidishwa kwa gia na kwa uwiano wa difrensha pia. Ndiyo maana bushi za ile fimbo ya juu inayoshika injini ya Mini huisha haraka kuliko kitu chochote kingine pale mbele.

Hatari ya mauntingi kukatika si ya kufikirika. Desemba 1971 General Motors iliyaita karakana magari ya Chevrolet karibu milioni 6.7, kwa sababu mpira wa mauntingi ulikuwa ukibanduka, injini inanyanyuka, na kunyanyuka huko kungeweza kuvuta fimbo ya mafuta na kuiacha wazi. Dawa iliyotolewa ilikuwa kamba ya waya ya kuizuia injini isipande. Gari lolote la mbio lenye mauntingi ya mpira uliogundishwa kwenye chuma linastahili kamba au mnyororo wa namna hiyo upande wa kushoto, ukiwa na ulegevu wa mm 5 hadi 8.

Malighafi zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| Malighafi | Moduli, MPa (takriban) | Joto la kudumu | Ikiguswa na mafuta ya injini | Inavyokufa |
|---|---|---|---|---|
| Mpira asilia, Shore A 60 | 3.6 | 70–80 °C | huvimba na kulainika | hubanduka kwenye chuma |
| Neoprini, Shore A 60 | 3.6 | karibu 100 °C | huvumilia kiasi | hukakamaa, hupasuka nyufa |
| Poliurethani, Shore A 80 | 9 | 80–90 °C | huvumilia vizuri | hubonyea isirudi |
| Poliurethani, Shore A 90 | 20 | 80–90 °C | huvumilia vizuri | hubonyea, hukatika kingo |
| Delrin | 3,000 | karibu 90 °C | haidhuriki | hupasuka penye pembe kali |
| Alumini 6082-T6 au 6061-T6 | 70,000 | si tatizo | haidhuriki | breketi hupasuka kabla yake |

Safu ya joto ndiyo inayosahaulika. Delrin huyeyuka kwenye karibu 175 °C, na watu husoma namba hiyo wakadhani wako salama. Lakini muda mrefu kabla ya kuyeyuka huwa imelainika na kuanza kutambaa chini ya mzigo, yaani kubadilika umbo polepole isirudi. Bushi yoyote ya plastiki au mpira iliyo karibu na mabomba ya ekzosi inahitaji ngao ya bati la chuma kisichoshika kutu au alumini la mm 0.8 hadi 1, likiwa limeachiwa nafasi ya hewa ya mm 10 hadi 15 pande zote mbili. Ngao iliyogusa bushi haisaidii kitu.

Mpira

Mpira unadharauliwa bila haki. Kwa gari la mbio lililotokana na gari la barabarani, kama MGB, Alfa Romeo Giulia au Datsun 510, mauntingi mpya ya mpira iliyo ngumu kwa alama kama kumi zaidi ya ile ya kiwandani mara nyingi inatosha kabisa. Lawama nyingi zinazotupiwa mpira zinatokana na mpira mzee.

Tahadhari kuhusu vipuri vya kale ambavyo havijawahi kufungwa: mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi lake. Pima kwa kipimo cha Shore kabla ya kulipa. Kama kipande kilipaswa kuwa 60 na kinasoma karibu 80, hicho kimeshakauka. Kikunje kidogo kwenye ukingo unapokutana na chuma. Ukiona mistari myembamba ya nyufa, kirudishe.

Jambo la pili ni namna mpira unavyobebeshwa mzigo. Kwenye kukandamizwa ni mkakamavu mara kadhaa kuliko kwenye kukatwa ubavuni, na kwenye kuvutwa ni dhaifu kabisa. Mauntingi ya umbo la kigurudumu cha uzi, yenye skrubu mbili zilizogundishwa ncha mbili, haifai kuvutwa. Iweke kwa mwinamo, pande mbili zikitengeneza umbo la V, ili sehemu ya mzigo iwe kukandamiza na sehemu iwe kukata. Ukiiweka wima pale inaponyanyuliwa na torki, itabanduka.

Wakati wa kufunga bushi iliyogundishwa, kaza boliti ya katikati baada ya uzito wote wa injini kukaa juu yake. Ukiikaza injini ikiwa bado inaning'inia kwenye winchi, mpira unabaki umesokotwa maisha yake yote.

Penye mafuta yanayovuja, chagua nitrili au neoprini. EPDM, aina nyingine ya mpira ambayo ni hodari kwa maji na joto, huvimba vibaya ikiloweshwa na mafuta ya injini, kwa hiyo usiichukue kwa sababu tu imeandikwa inavumilia joto.

Poliurethani

Hapa ndipo maamuzi mazuri mengi yanapoishia, na ndipo makosa ya ufungaji yalipo mengi pia.

Elewa kwanza kinachotokea kwenye sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Masafa asilia ya injini juu ya mauntingi zake yanakadiriwa hivi: gawanya 15.8 kwa kipeuo cha pili cha mbonyeo, mbonyeo ukiwa ni milimita ambazo bushi imeshuka kwa uzito wa injini peke yake. Mpira ulioshuka mm 3 unatoa Hz 9. Poliurethani iliyoshuka mm 0.3 inatoa karibu Hz 29. Mtetemo mkubwa wa silinda 4 za mstari huja mara mbili kwa kila mzunguko wa kranki, kwa hiyo Hz 29 inakutana na injini ikiwa kwenye mizunguko 870 kwa dakika, palepale inaponguruma bila mzigo. Ndiyo sababu gari lenye poliurethani linatikisa vioo likiwa limesimama. Lakini mauntingi huanza kuzuia mtetemo pale masafa yanapozidi masafa asilia mara 1.41, yaani kuanzia kama mizunguko 1,225. Kwenye mizunguko 7,000 mtetemo huo uko Hz 233, mbali kabisa na eneo la hatari. Kwa gari la mbio hiyo ni biashara nzuri: pandisha sailensi hadi 1,300 na usumbufu mwingi unapungua.

Ugumu upi? Shore A 80 kwa silinda 4. Ya 90 ipe injini ya silinda 6 za mstari au V8 ya kranki ya msalaba, ambazo zimesawazika zenyewe na hazina mtetemo ule wa mara mbili wa kuzihangaisha. Poliurethani ya 95 kwenye silinda 4 haina faida ya kutosha: inasumbua breketi karibu sawa na bushi ngumu, na bado inahitaji kubadilishwa.

Kosa linaloharibu poliurethani kuliko yote ni kuifunga bila mrija wa chuma wa ndani. Plastiki hii hutambaa ikibanwa moja kwa moja na boliti. Unakaza leo, baada ya joto la kwanza boliti imelegea, unakaza tena, hadi bushi inatokeza pembeni kama uji uliofurika. Mrija ndio unaopaswa kubanwa na boliti, na urefu wake ndio unaoamua bushi ibonyezwe kiasi gani. Mfano: bushi mbili za umbo la kofia, kila ukingo mm 5, zikikumbatia breketi ya bati la mm 6. Jumla ni mm 16. Kereza mrija uwe mm 15.0 hadi 15.4. Kila ukingo utabonyea mm 0.3 hadi 0.5, yaani asilimia 6 hadi 10, na hapo boliti inaweza kukazwa kwa torki yake kamili bila kuiumiza bushi. Mrija wa mm 16 unaacha bushi ikicheza. Wa mm 13 unaiua. Weka washa pana pande zote mbili, zenye kipenyo sawa na cha ukingo au zaidi kidogo, ili hata plastiki ikiisha kabisa injini isiweze kuchomoka.

Poliurethani za aina ya polyesta huvumilia mafuta na mikwaruzo zaidi, ila maji ya moto huzivunja taratibu. Za aina ya polyetha huvumilia unyevu zaidi. Kama gari linaoshwa kwa mvuke kila baada ya mbio, chukua polyetha. Mafuta ya breki ni adui wa zote mbili. Yakimwagika, suuza mara moja.

Wapo wanaomimina poliurethani ya majimaji ya sehemu mbili ndani ya nafasi za mauntingi ya zamani ya mpira. Inafanya kazi endapo mpira bado umeshika chuma chake. Safisha kwa asetoni, kwaruza nyuso kwa msasa namba 80, kausha kabisa, kwa sababu unyevu ukikutana na kigumishi hutoa hewa ya ukaa na bushi inajaa mapovu kama mkate. Pima sehemu mbili kwa mizani, usikadirie kwa macho, na vaa kinga ya kupumulia inayofaa kwa isosayaneti, kemikali ya kigumishi hicho. Huwa ngumu kwa siku moja, lakini ugumu wake kamili huja baada ya siku kama saba. Usiiendeshe kabla ya hapo.

Delrin, na ndugu zake wasiofaa

Delrin ni nzuri sana pale kitu kinapozunguka: ncha za fimbo ya kushika injini, viungo vya fimbo za gia, mikono ya sasipensheni. Inateleza bila grisi nyingi na hufyonza maji kidogo mno. Kama bushi ya mauntingi isiyozunguka, sifa hiyo ya kuteleza haitumiki, na unabaki na kitu kinachoifunga injini karibu kama alumini lakini chenye joto dogo la kuvumilia. Sababu nzuri ya kuitumia ni kutaka injini isisogee huku ukikwepa chuma kusagana na chuma, kwani huko ndiko unga mweusi na mikwaruzo huanzia.

Ukiitumia, hesabu kupanuka kwake. Bushi ya kipenyo cha mm 40 ikipata moto kwa nyuzi 60 inaongezeka karibu mm 0.26, wakati kikombe cha chuma kilichoibeba kinaongezeka mm 0.03 tu. Ukiibana kwa nguvu ikiwa baridi, itajikandamiza yenyewe ikipata moto, itambae, na ikipoa itakuwa imelegea. Iache na nafasi isiyopungua tofauti hiyo, yaani karibu mm 0.23 kwenye kipenyo, na uishike kwa mrija wa ndani na kingo. Kereza kwanza ukiacha mm 1 ya ziada, iache ilale usiku mmoja ili mkazo wa ndani uachie, kisha maliza kipimo. Pembe zote za ndani zipe mviringo wa mm 1 au zaidi; pembe kali ndiyo inayoanzisha ufa. Na usichomelee chochote karibu nayo: Delrin huwaka kwa mwali wa buluu usioonekana vizuri na hutoa gesi ya formaldehidi.

Nailoni iache. Aina ya PA6 inaweza kunyonya maji hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake ikiloweka kabisa, na kipimo ulichokereza jana hakipo tena. PTFE (Teflon) hutambaa hata ikiwa baridi.

Alumini na kufunga moja kwa moja

Yapo magari ambayo hayana swali hili kabisa. Kwenye Lancia D50 ya 1954 na Lotus 49 ya 1967 yenye Cosworth DFV, injini ni sehemu ya mwili wa gari. Ukiweka kitu laini pale umelegeza gari lenyewe. Magari mengi ya kabla ya Plymouth kutoa mauntingi yake ya "Floating Power" mwaka 1931 nayo yalifunga injini chuma kwa chuma, na mikono ya kasha la kranki iliundwa kwa ajili hiyo. Kama gari lako ni la jamii hizi, fuata lilivyotoka.

Kwa gari jingine, alumini inakupa fimbo za kabureta zisizoyumba, gia inayoingia palepale kila mara, na chasisi inayosaidiwa na injini kupinga kusokotwa. Msaada huo una gharama. Chasisi ya zamani ya fremu ya ngazi hujisokota sana, na ukiifunga injini pointi nne ngumu, blok ndiyo inayojaribu kuizuia. Kinachokatika kwanza ni sikio la giaboksi la alumini, au breketi kwenye ukingo wa kilichochomelewa.

Kabla ya kukaza, funga pointi zote isipokuwa moja, kisha pima pengo la hiyo iliyobaki kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Likizidi mm 0.1, weka shimu, kipande chembamba cha bati cha kujaza pengo. Boliti ikitumika kuvuta pengo lijifunge, umeshaweka mkazo wa kudumu kwenye blok kabla injini haijawashwa. Tumia boliti za daraja 8.8 au 10.9, sehemu isiyo na nyuzi ikipita kwenye tundu, na ikiwezekana ishikwe pande mbili za breketi. Nati zenye plastiki ndani hazifai karibu na ekzosi. Tumia za chuma kitupu zinazojifunga, au funga kwa waya.

Rejeta, sanduku la fyuzi, pampu ya petroli na saa za dashibodi zote zinahitaji mipira yao wenyewe ukishafanya hivi. Rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa risasi ndiyo inayolalamika mapema kuliko vyote.

Mbele na nyuma lazima zipatane

Mbele laini na nyuma ngumu ni mpangilio wa kuvunja giaboksi. Injini inapinduka mbele, giaboksi imeshikwa nyuma, na kasha la giaboksi linageuka kuwa kizuizi cha torki. Usifanye hivyo kwa malighafi yoyote.

Mbele alumini au Delrin, nyuma poliurethani ya 80 hadi 90, ni mpangilio salama: pointi mbili ngumu zinaamua mahali pa injini, ya tatu inaruhusu chasisi kujisokota. Pande zote poliurethani ni sawa. Pande zote ngumu ni kwa chasisi ya mirija iliyo ngumu kweli, au gari lililozaliwa hivyo.

Kuna mpangilio wa nne ambao ndio ningeupendekeza kwa gari la silinda 4 linalokimbia mbio za saa nzima au zaidi: mpira wa Shore A 60 hadi 70 chini, na fimbo moja ya kuzuia kupinduka juu ya injini. Mpira unabeba uzito na kumeza ule mtetemo wa wima. Fimbo inachukua torki. Kwa Nm 600 zile za mwanzo, fimbo iliyo mm 400 juu ya mhimili wa kupinduka inabeba N 1,500, mzigo mdogo kwa mrija wa chuma wa mm 20 wenye ukuta wa mm 2. Ipe bushi za poliurethani ncha zote mbili, na uiunganishe na sehemu ya chasisi yenye nguvu, si bati la bawa. Kabureta zenye fimbo zibadilishiwe kebo, ili kusogea kudogo kulikobaki kusivute mafuta. Mabomba ya ekzosi yaning'inizwe kwa mpira na yawe na kiungo kinachoteleza.

Kwa magari yanayoshindana chini ya Kiambatisho K cha FIA, kanuni za shirikisho la kimataifa la magari kwa magari ya kihistoria, gari hulinganishwa na umbo lake la enzi zake na pasipoti yake ya kiufundi. Onyesha mkaguzi mabadiliko ya mauntingi kabla ya kukata chuma.

Baada ya kufunga

Washa, pasha moto hadi joto la kazi, zima, acha ipoe kabisa, kaza tena. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye breketi ili ulegevu uonekane bila spana. Baada ya kila siku ya mbio, weka gari kwenye gia, mtu akanyage breki na aachie klachi kidogo huku wewe ukitazama injini kutoka ubavuni, usisimame mbele ya gari. Kwa poliurethani injini inapaswa kusogea milimita chache na kurudi palepale. Ikirudi pengine, bushi imebonyea. Pima unene wake kwa kalipa, na ukipungua zaidi ya asilimia 10 badilisha zote pamoja. Kwa alumini, futa breketi kwa kiyeyushi na utafute mstari mwembamba wa kutu au unga mweusi kando ya welding. Ufa ukipatikana, usiujaze tu: toboa tundu la mm 3 kwenye ncha yake, chomelea, kisha tafuta ni pointi ipi ya mauntingi iliyofungwa ikiwa na pengo.